Mstari Kabla ya Mti: Kusoma Umbo la Bakuli Lililokerezwa

Mabakuli ya James Prestini hayana kitu cha kutazama ila umbo. Mmarekani huyu, aliyesomea uhandisi wa mitambo na kufundisha hisabati, alianza kukereza mwaka 1933 na akaendelea kwa takriban miaka 20 kabla ya kugeukia sanamu za chuma. Miti yake ilikuwa ya kawaida: betula, mjozi, mahogani. Hakutia nakshi, hakuweka pete wala vifundo, wala hakutafuta gogo lenye mabaka ya kustaajabisha. Hata hivyo kazi zake zimo katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa la New York, na mwaka 1950 Edgar Kaufmann Jr. aliziandikia kitabu. Mhakiki hana budi kuuliza ni nini kinachomsimamisha mtazamaji mbele ya chombo ambacho, kwa maelezo, ni bakuli tupu la mti usio na sifa.

Jibu langu ni mstari. Nasema ule unaoanzia kitakoni, ukapanda ubavuni, ukalizunguka tumbo na kuishia mdomoni. Kwa Prestini mpindo wa mstari huo hubadilika hatua kwa hatua, pasipo mahali palipolala wala palipovimba, na jicho likishaukamata haliuachi mpaka ufike ukingoni. Tena ukuta ni mwembamba, milimita chache tu, hata mstari wa ndani na wa nje hukaribia kuwa mmoja. Hakuna unene wa kufichia kosa. Ndiyo maana namchukua kuwa kipimo cha hoja hii: zana, mti na polishi vyote husomwa kupitia mstari, na mstari ukiharibika hakuna kimoja katika vitatu hivyo kiwezacho kuuokoa. Wengi wanaokereza nyumbani kwa mapenzi tu hufundishwa mambo haya kinyumenyume. Huanza na orodha ya zana za kununua, wakaendelea na miti ya thamani, wakamalizia na kopo la vanishi. Umbo huachiwa lijitokeze lenyewe, na halijitokezi.

Bakuli la mwanafunzi huwa na kosa lile lile mahali pale pale. Tazama robo ya chini ya ubavu, karibu na kitako: mpindo hunyooka ghafla, na bakuli zima huonekana limechoka. Sababu yake iko kwenye mashine. Taya za kerezo zimeshika kitako, mpini wa zana unagonga kitanda cha mashine, mkono haupati nafasi ya kufikisha makali chini kabisa, basi fundi anaridhika na pale alipofika. Kosa la pili liko karibu na mdomo. Fundi amechelewa kupinda, ubavu umepanda wima mno, na sasa unageuka kwa haraka na kuzaa bega ambalo hakuna aliyelikusudia. Kosa la tatu macho hayalioni kabisa. Unalinyanyua bakuli na mkono unashtuka: jicho liliahidi wepesi, kumbe chini umebaki unene wa vidole viwili. Katika fani hii mkono ni msomaji sawa na jicho, na uzito ni sehemu ya umbo. Bakuli ambalo ndani yake halifuati nje yake limesema uongo, hata kama kila upande peke yake ni mzuri.

Njia ya kulisoma ni nyepesi na haigharimu kitu. Zima taa ya juu, weka taa moja nyuma ya bakuli, ulitazame kama kivuli. Rangi hutoweka, mabaka hutoweka, hubaki mstari. Kisha funga macho na upitishe ncha za vidole kutoka kitakoni hadi mdomoni, taratibu. Kidole hugundua bonde ambalo jicho lilikuwa limelisamehe. Fanya hivyo kabla hujaliondoa kwenye kerezo, wakati bado kuna unene wa kukata.

Zana nazo zisomwe kwa namna hiyo hiyo, kwa alama zinazoacha. Bobari ya bakuli ni fimbo ya mviringo ya chuma kigumu cha kukatia kwa kasi, yenye mfereji uliochimbwa kwa urefu, iliyonolewa nchani kwa pembe ambayo kwa kawaida huwa kati ya nyuzi 40 na 60. Nyuma ya makali pana bapa lililoachwa na jiwe la kunolea, na bapa hilo ndilo asili ya mpindo mzuri. Fundi huliegemeza kwanza juu ya mti unaozunguka, bila kukata chochote. Kisha huinua mpini kidogo kidogo mpaka makali yaume. Tangu hapo bapa huteleza juu ya sehemu iliyokwisha kukatwa na kuyaongoza makali mbele, hivyo kila mkato unazaliwa na mkato uliotangulia. Mpini hubanwa nyongani. Mwendo hutoka miguuni na kiunoni, mikono inasindikiza. Kwa hiyo mpindo usiokatika ni alama ya mwili uliosogea mara moja bila kusita, na anayejua kusoma huona hasa pale fundi aliposimama ili ahamishe mguu.

Chuma cha kukwangulia hufanya kazi tofauti. Hulazwa juu ya kiegemeo cha zana makali yakiinama kidogo, bapa haligusi mti, na kila kinachokatwa hakiongozwi na kilichotangulia. Kina mahali pake, hasa katikati ya kitako kwa ndani, ambako bobari hugeuka kwa shida. Lakini bakuli lililokwanguliwa tangu mwanzo hadi mwisho hujitangaza. Mpindo wake umeungwa kwa vipande, kila kipande kikisahihisha kasoro ya jirani yake, na nyuzi zake zimechanika badala ya kukatika. Wapo wanaonunua siku hizi zana zenye vipande vidogo vya kabaidi ambavyo havihitaji kunolewa, na kwa anayeanza zinampunguzia hofu. Nyingi kati yake, zikishikwa bapa juu ya kiegemeo, ni vyuma vya kukwangulia kwa jina jingine. Mwenye kuzitumia ajue kwamba amenunua urahisi na ameacha kwa muuzaji nafasi ya kujifunza mstari.

Nyuzi za mti zina sheria yake pia, na hapa ndipo wengi wanapolaumu mti kwa kosa la mkono. Kipande cha bakuli kwa kawaida hufungwa nyuzi zikilala mkingamo wa mhimili. Katika kila mzunguko mmoja makali hukutana na ubavu wa nyuzi mara mbili na ncha za nyuzi mara mbili. Penye ncha ndipo nyuzi hung'oka, na bakuli hubaki na mabaka mawili ya ukwaru yanayotazamana. Dawa ni mwelekeo. Kwa nje kata kutoka kitakoni kwenda mdomoni. Kwa ndani kata kutoka mdomoni kwenda katikati. Hivyo kila uzi unaokatwa huwa na uzi mwingine nyuma yake wa kuuegemeza. Kwenye mguu wa meza au kitanda, ambako nyuzi hufuata mhimili, sheria ni kushuka kutoka penye unene kwenda penye wembamba. Msomaji akiona mabaka mawili ya ukwaru kwenye bakuli la mtu, amekwisha kujua kwamba fundi alikata kinyume au makali yake yalikuwa butu.

Juu ya makali sisemi mengi: noa kabla hujaona haja ya kunoa. Chuma cha kizamani cha kaboni hupata makali mazuri sana, lakini kikiungua kwenye jiwe hadi kugeuka buluu ugumu wake umekwenda. Chuma cha kasi huvumilia joto hilo. Kuhusu mwendo wa mashine, kipimo kinachotumika sana ni kuzidisha kipenyo kwa inchi na mizunguko ya kila dakika, jibu likae kati ya 6,000 na 9,000. Bakuli la inchi 12, yaani sentimita 30 hivi, litazunguka mara 500 hadi 750 kwa dakika, na gogo ambalo bado halijawa duara lianze chini ya hapo. Ngao ya uso ivaliwe kila mara. Gogo lenye ufa likipasuka kwenye mwendo huo halimpi mtu nafasi ya kukwepa.

Sasa mti. Bob Stocksdale, aliyezaliwa Indiana mwaka 1913, alianza kukereza mabakuli katika kambi za waliokataa kushika silaha wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akaishi na kufanya kazi Berkeley, California, hadi alipofariki mwaka 2003. Ukimlinganisha na Prestini, yeye alipenda miti adimu kutoka kila pembe ya dunia, na chini ya kitako aliandika jina la mti pamoja na sahihi yake. Mpingo wetu ulikuwa miongoni mwa miti hiyo. Hapa mhakiki anakutana na nguvu mbili katika chombo kimoja: mstari unaotaka kusomwa mfululizo, na sura ya mti inayotaka kusimamisha jicho kila hatua.

Fikiria mpingo wenyewe. Kiini chake ni cheusi chenye wekundu wa mbali, na nje yake pana tabaka jembamba la manjano hafifu. Mkerezaji anaweza kuliondoa lote au kuliacha. Likiachwa, huzunguka ukingo kama utepe usiolingana, mpana upande huu, ukitoweka upande ule, na mara moja jicho hukimbilia huko. Stocksdale alijua kuilipa gharama hiyo. Aliweka kitako kidogo, chembamba kuliko theluthi ya kipenyo ambayo walimu wengi huitaja, ili tumbo liinuke kutoka mezani. Akaupa ubavu mpindo mmoja tu. Hakuongeza pete wala ukingo uliogeuzwa. Kadiri mti unavyosema sana, ndivyo alivyonyamazisha umbo. Ni uamuzi wa fundi mkubwa. Lakini una hasara moja ambayo wapenzi wake huipita: mtazamaji huondoka akiusifu mti, na mkono uliouongoza husahauliwa.

Melvin Lindquist na mwanawe Mark walikwenda mbali zaidi. Walichukua mti uliokwisha kuanza kuoza, wenye mistari myeusi ya kuvu, nyufa na vinundu, na kuufanya uharibifu huo uwe maana ya kazi. Hoja yao ilifungua mlango ambao bado uko wazi, na kazi zao bora zinasimama. Zinasimama, kwa maoni yangu, kwa sababu Mark alikuwa amevisoma vyombo vya udongo vya Kijapani, hivyo chini ya tundu na ufa kuna mtungi wenye mstari uliotulia. Waigaji wao walichukua tundu na kuuacha mtungi.

Kwa anayekereza Morogoro, Kisumu au Lamu, miti iliyo karibu inatosha kabisa kujifunzia haya. Mwembe mzee ukikatwa uwanjani hutoa magogo mapana, laini kwa bobari, na ukikaa chini kwa muda huanza kupata mistari ya kijivu na nyeusi. Ukerezwe mapema, maana wadudu wanaotoboa mbao huupenda, na utomvu wake huwawasha baadhi ya watu. Mgrevilea una mng'ao wa madoa unaobadilika kwa kila pembe ya mkato. Nao huwasha ngozi za wengine. Mninga haunywei sana ukikauka, kwa hiyo kifuniko cha kisanduku kilichoingia leo kitaingia na mwakani. Msaji hula makali kwa sababu ya mchanga ulio ndani ya mti wenyewe, na mvule wakati mwingine huficha mawe ya chokaa yawezayo kuvunja ukingo wa bobari. Vumbi la mninga, mvule na mpingo lisivutwe puani. Barakoa nzuri ni ya lazima.

Lililo la maana zaidi kwa uhakiki ni kwamba kila mti hutoa ruhusa ya aina fulani ya umbo. Mpingo, ambao huzama majini kwa uzito wake, una chembe ndogo kiasi cha kushika kona ya milimita moja bila kumeguka. Ndiyo maana wakerezaji wa mapambo wa Uingereza, waliotumia mashine za akina Holtzapffel wa London, waliutafuta ili wauchore mawimbi na nyota ndogo ndogo. Mwembe haushiki kona hiyo. Unataka mpindo mkubwa, ukingo wa duara, unene wa wastani. Anayelazimisha pete nyembamba kwenye mwembe atazipoteza chini ya msasa, na atadhani ameshindwa na zana.

Mti mbichi nao una sauti katika umbo. Ukikauka hunywea kwa kufuata pete za ukuaji takriban mara mbili zaidi ya unavyonywea kutoka kiini kwenda gome, kwa hiyo bakuli la duara hugeuka kuwa la yai. Kuna njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ni kulikereza nene, ukuta uwe sehemu moja ya kumi ya kipenyo, ncha za nyuzi zipakwe nta, likae miezi kadhaa, kisha likerezwe upya. Ya pili ni kulimaliza jembamba likiwa bichi na kuukubali mpindo mpya utakaoletwa na kukauka. Napendelea ya pili kwa vyombo vya kutazamwa, kwa kuwa ukuta mwembamba huenda pamoja na mti bila kupasuka. Kwa bakuli la kulia wali, fuata ya kwanza.

Tusidhani kwamba bakuli ndilo umbo pekee la kerezo. Katika pwani yetu fani kuu ilikuwa mguu wa kitanda. Malili, yaani vitanda, ya zamani ya Lamu na visiwa jirani yana miguu iliyokerezwa ambayo inafaa kusomwa kwa makini kama bakuli lolote la makumbusho. Hapa mstari hauendi mfululizo. Umekatwa makusudi kuwa kifundo, pete, shingo, kisha kifundo tena. Uzuri wake hukaa katika uwiano wa vituo: kifundo kinene kinafuatwa na pete mbili nyembamba, shingo inapumzisha jicho kabla ya kifundo kijacho. Mkerezaji wa leo akiiga miguu hiyo hukosea mara nyingi kwa kulinganisha mno. Vifundo vyote huwa na upana mmoja, pete zote kina kimoja, na mguu hauendi popote. Zana ya kazi hiyo ni patasi ya mshazari, inayokata kwa sehemu ya chini ya makali yake. Ncha ya juu ikigusa mti hujizika na kupasua kazi nzima, ndiyo maana wengi huiogopa na kukimbilia kukwangua, na vifundo vyao hutoka vimebapa juu. Pale kifundo kinapokutana na shingo panatakiwa mfereji mkali, safi, wenye kivuli cheusi. Kivuli hicho ndicho kinachohesabu mapigo ya mguu mzima.

Msasa ndio adui wa kivuli hicho. Hula kona kwanza, na kwenye bakuli hula sehemu laini za mti haraka kuliko ngumu, hivyo duara lililotoka sawa kwenye bobari huharibika polepole kwenye karatasi. Ukijikuta unaanza na namba 80, rudi kwenye jiwe la kunolea. Mkato safi huanza na 180 na kupanda hadi 320 au 400, mashine ikienda polepole, karatasi ikisogea daima.

Polishi huja mwisho, na ni msomaji mkali kuliko wote. Uso unaong'aa hubeba mstari wa mwanga kutoka dirishani. Mwanga huo ukifika penye bonde huvunjika, na kosa lililofichika linaonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Kwa hiyo bakuli lenye mpindo wenye mashaka lisitiwe vanishi ya kung'aa. Mafuta ya linsidi hukauka kwa kushikana na hewa na kuacha mng'ao wa chini. Yapakwe membamba, ya ziada yafutwe. Vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vitandazwe nje vikauke, kwani vikikunjwa pamoja hupata joto na kuwaka vyenyewe. Mafuta ya kupikia yaachwe jikoni: mengi hayakauki vizuri, na hugeuka harufu. Kwa chombo cha chakula, nta ya nyuki peke yake au pamoja na mafuta ya madini ya daraja la chakula ni chaguo salama, ingawa itabidi irudiwe. Shelaki hukauka upesi na kupendeza kwenye kisanduku, lakini maji ya moto na pombe huiharibu. Mpingo na jamaa zake huchelewesha mafuta kukauka kwa sababu ya utomvu wao wa asili. Mpingo uliokatwa vizuri hautaki zaidi ya nta na kitambaa kikavu.

Mti huo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa iko chini ya Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, pamoja na karibu jamaa zake zote, na mwaka 2009 misitu ya baadhi ya vijiji vya Kilwa ilipata cheti cha FSC cha uvunaji mzuri. Anayetaka kuukereza aulize umetoka wapi, na anunue vipande vilivyobaki kwenye viwanda vya kupasua mbao, vinavyotosha kisanduku au kikombe kidogo. Lakini kabla ya hapo akereze mwembe. Aupasue, aukate, ausome kwenye kivuli, autupe motoni akikosea, aanze mwingine. Kati ya Prestini na Stocksdale namweka Prestini mbele, kwa kuwa betula yake haikumsaidia chochote na bakuli bado linasimama.